Leseni ya mpima ardhi: tofautisha kupima shamba na kuweka mpaka

Mkuu, umeuliza kwa nini mpima ardhi alazimike kuwa na leseni wakati kijana yeyote anajifunza mashine ya RTK, ile inayopima kwa setilaiti hadi sentimita, ndani ya wiki moja. Mashine inajifunzwa kwa wiki, hilo ni kweli. Kinachochukua miaka ni kujua lini inakudanganya, na huku kwetu milimani inadanganya mara nyingi.

Anza na mteremko. Vipimo vya kwenye ramani ni vya usawa, havifuati mgongo wa ardhi. Upande wa kiwanja wenye mita 30 kwenye mteremko wa nyuzi 20, ukilaza tepu chini inasoma 31.93. Asiyejua anakata 30 juu ya ardhi na kusimika jiwe, tayari amempunja mwenye kiwanja karibu mita 2. Kwenye safu ya viwanja vinane vinavyoshuka mlima, jiwe la mwisho linakuwa zaidi ya mita 14 nje ya mahali pake.

RTK inaondoa kosa hilo na kuleta la kwake. Ukisimika besi, yaani mashine inayokaa mahali pamoja kusahihisha ile unayotembea nayo, juu ya nukta isiyo na kordineti (namba za mahali) zinazojulikana, ukaiacha ijitafutie yenyewe, kazi nzima inahama kwa pamoja, pengine mita mbili au tatu. Pande zote zinalingana, ukihakiki kwa tepu kila kitu kinasoma sawasawa. Kosa litaonekana siku mpima mwingine atakapokuja kwa jirani akitokea kwenye vituo halali, yaani nukta zenye kordineti rasmi, na wakati huo ukuta umeshajengwa. Kuchanganya mifumo miwili ya kordineti, Arc 1960 ya ramani za zamani na WGS84 ya mashine, kunatupa nukta karibu mita 300 kaskazini au kusini, lakini kosa kubwa namna hiyo linashtukiwa siku hiyohiyo. La mita mbili ndilo linalofika baraza la ardhi.

Angalia pia kanda ya UTM, vipande ambavyo ramani za dunia zimegawanywa kwa longitudo: Mbeya, Njombe na Iringa mjini ziko kanda ya 36 kusini, ila ukivuka longitudo 36 ndani ya Kilolo umeingia ya 37. Na chini ya migomba ya Rungwe mawimbi ya setilaiti yanakatika au kurudi yakiwa yamegonga vitu. Mashine ikiwa bado floti, yaani haijapata jibu la uhakika, skrini inaonyesha namba hadi milimita huku nukta ikiwa imekosea nusu mita. Kijana wa wiki moja anaamini skrini.

Kwa hiyo kwa mpaka, nasema leseni ni lazima. Aliyemlipa mpima alimchagua mwenyewe, lakini jirani hakumchagua, wala atakayenunua miaka 15 baadaye. Hao ndio wanaobeba kosa. Ndiyo sababu chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi ya Tanzania, Sura ya 324, mawe peke yake hayatoshi: ramani lazima iidhinishwe na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani.

Sisemi kila kipimo kihitaji leseni. Kutafuta ekari za shamba la parachichi ujue miche mingapi, au kupanga matuta ya kuzuia mmomonyoko, fanya kwa simu. Hata hati za kimila vijijini: mradi wa MAST, wa kurekodi mipaka kwa programu ya simu, ulianza Ilalasimba, Iringa, mwaka 2014, vijana wa kijiji wakitembea na simu. Njia hiyo inafaa kwa sababu majirani wanasimama wote mpakani na kamati ya kijiji inathibitisha. Uzito uko kwenye makubaliano yao kuliko kwenye sentimita. Kiwanja cha mjini, ambako nusu mita ni msingi wa nyumba, ni kazi nyingine.

Kinachoniumiza ni muhuri wa kuazima. Mwenye usajili anakaa ofisini, anatuma kijana peke yake, kisha anasaini kazi ambayo hakuikagua. Hapo leseni imebaki karatasi, na hasara ni ya mwananchi aliyechanga pesa za urasimishaji wa makazi akidhani yuko salama. Anayesaini afike uwandani, angalau siku ya kuhakiki vituo.

Kabla ya kulipa, dai mchoro wa mipangomiji uliopitishwa. Bila huo, mawe ya mjini hayafiki popote. Chukua jina na namba ya usajili ya atakayesaini, uihakiki kwenye baraza linalosajili wapima. Kisha muulize anaanzia bikoni (mawe ya upimaji) zipi za zamani. Zisipungue tatu, na akupe tofauti aliyoipata kati ya kordineti za kwenye kumbukumbu na alichosoma yeye. Sentimita chache ni sawa. Ikifika nusu mita asiendelee, maana kuna bikoni iliyong'olewa na kurudishwa kwa kukisia, jambo la kawaida mahali tingatinga limepita. Jiwe lenyewe liwe nondo ya milimita 12 ndani ya zege, lenye namba, lishuke chini ya kina cha plau. Udongo mwepesi wa volkano kama wa Uyole unachukuliwa na mvua, chimba zaidi.

Malipo yagawanye mara tatu: ya kuanza, ya mawe kusimama na kuhakikiwa mbele ya majirani, na salio, lisilopungua theluthi, litoke ramani iliyoidhinishwa ikiwa mkononi mwako.