Re: Kondomu imepasuka Namanga, nyumbani ni Moshi

Kaka, umeuliza kama usubiri ufike Moshi wiki ijayo ndipo ukapime, maana kondomu ilipasuka juzi usiku Namanga. Usisubiri! PEP, dawa za kuzuia VVU, huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Kisha unameza siku 28 mfululizo. Paki lori Arusha leo, ingia hospitali ya serikali, ulizia CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU. Mimi enzi za utingo niliona aibu pale dirishani, nikasema kichwa kinauma. Nikatoka na Panadol. Wewe sema wazi. Kipimo cha leo hakionyeshi ya juzi, kwa hiyo utarudia baada ya miezi 3, na hadi hapo kwa mama watoto ni kondomu. Kaswende nayo wakucheki.