Cheti cha utalii endelevu: tulipe?

SWALI: Mimi na dada yangu tuna kambi ndogo ya mahema kando ya msitu, na tunawatembeza wageni kutazama ndege. Wakala anayetuletea wageni anadai tuwe na cheti cha utalii endelevu. Kuna kampuni imetuandikia kwamba tukilipa ada, cheti kitafika baada ya wiki moja, bila mkaguzi kuja. Tulipe?

JIBU: Msilipe, ndugu zangu. Karatasi hiyo haitamridhisha wakala makini, na msitu hautapata faida yoyote.

Baraza la Dunia la Utalii Endelevu, GSTC, ndilo lenye vigezo vinavyofuatwa kimataifa. Vya kwanza vilitangazwa 2008. Vinagusa uongozi wa biashara, maslahi ya wenyeji, utamaduni na mazingira. Ila GSTC haiipi kambi cheti. Inatoa ithibati, yaani uthibitisho wa ubora wa ukaguzi, kwa mashirika yanayokagua na kutoa vyeti, kwa hiyo waulizeni hao waliowaandikia wamepewa ithibati na nani, kisha mtafute jina lao kwenye orodha ya GSTC. Wakijibu kwamba vigezo vyao "vimetambuliwa", ulizeni zaidi: hapo kilichopitiwa ni maandishi ya vigezo tu, si namna wanavyokagua. Ipo pia mipango ya vyeti ya nchi moja moja yenye historia ndefu, kama ule wa Australia wa 1996 na wa Costa Rica wa 1997.

Sasa niwaambie ninachotazama mimi ninapokagua kambi. Sera iliyobandikwa mapokezi naiacha kwanza. Naomba daftari la mita ya maji, halafu naenda kwenye mita yenyewe. Daftari la mwaka mzima lenye wino mmoja na mwandiko usiobadilika, bila hata tone la matope, limejazwa jana yake. Nalipenda lile lililochakaa, lenye siku iliyorukwa na maelezo pembeni: "bomba la bafu la tatu linavuja". Hapo najua kuna mtu anayejali. Gawanyeni lita za mwezi kwa idadi ya vitanda vilivyolaliwa, usiku kwa usiku. Mtaona uvujaji kabla ya fundi. Dizeli ya jenereta ipimeni vivyo hivyo. Kisha nazunguka nyuma ya jiko kuona maji machafu yanaishia wapi.

Kwenu ninyi nitakaa zaidi njiani. Je, njia inapanuka kwa sababu wageni wanakwepa tope? Na mwongozaji anapiga sauti za ndege zilizorekodiwa ili ndege wajitokeze? Msimu wa kutaga mzazi huacha kiota kwenda kumfukuza mpinzani asiyekuwepo, na mayai yanabaki wazi. Pigeni marufuku kabisa, mwandike katazo hilo, na waongozaji wote walitie sahihi.

Anzeni daftari leo. Baada ya miezi mitatu mpeni wakala nakala, na mliulize shirika lenye ithibati kama lina ada nafuu kwa biashara ndogo.