Maski ya kulainisha nywele kavu: kwa nini usilale nayo, na namna ya kuipaka nyumbani

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Nywele zangu zimetiwa dawa kwa miaka kadhaa, na sasa ni kavu, zinakatika nikizichana, na ncha zake zimekuwa kama nyuzi za makumbi. Kila Alkhamisi usiku huchanganya tui la nazi, yai na embe mafuta, nikajipaka kichwa kizima, nikafunga mtandio na kulala nayo hadi asubuhi ndipo nikakosha. Badala ya kulainika, nywele zinazidi kukatika, kichwa kinaniwasha na harufu ya yai haitoki. Tunatumia maji ya kisima. Naomba unieleze njia sahihi ya kupaka maski ya nywele nyumbani, kwani sina nafasi ya kwenda saluni kila wiki.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, Mwalimu. Kwa maelezo uliyonipa, kinachokuumiza zaidi ni ule usiku mzima unaolala na kichwa kimeloa, na vilivyomo katika bakuli lako vinafuata nyuma yake. Nitaeleza sababu kabla ya kufika kwenye upakaji wenyewe, kwa kuwa mtu akishajua nywele inavyopokea maji na inavyoyapoteza hana haja ya kukariri vipimo.

Wateja wengi huniuliza nywele zinakauka vipi katika visiwa ambavyo hewa yake ina unyevu hadi chumvi inaloa ndani ya kopo. Jibu ni kwamba maji yapo, ila nywele haiwezi kuyahifadhi. Kila unywele umefunikwa kwa magamba membamba yaliyopandana, yote yakielekea nchani, na yakilala vizuri huzuia maji kuingia na kutoka ovyo. Dawa ya kunyoosha nywele ni alkali kali. Huyanyanyua magamba hayo ili ipenye ndani na kuvunja viungo vinavyoipa nywele mkunjo wake, na baada ya hapo magamba hayarudi kulala kama yalivyoumbwa. Nywele ya namna hiyo hunywa maji upesi na kuvimba, kisha huyaachia upesi na kusinyaa, na kila inapovimba na kusinyaa magamba huzidi kunyanyuka na kumomonyoka. Ukiiacha imeloa kwa usiku mzima ndani ya mtandio uliokazwa, unaivimbisha kwa muda mrefu kuliko inavyostahimili, halafu asubuhi unaichana ikiwa katika hali yake dhaifu kabisa. Hapo ndipo inapokatika.

Kuwashwa kwa kichwa nako kuna asili hiyo hiyo. Fangasi wanaosababisha mba huishi juu ya ngozi ya kila mtu na hula mafuta. Ukiwapa joto, unyevu na tui kwa usiku mzima, wanastawi. Maski ya kulainisha ni chakula cha nywele, haikusudiwi ngozi ya kichwa.

Tuje kwenye bakuli. Tui lina mafuta mazuri, lakini pia lina maji, protini na chembe za nazi ambazo hubaki katikati ya nywele na kuchacha, hasa kwa joto letu. Yai husifiwa kwa protini yake, ila molekuli za protini hiyo ni kubwa mno kupenya kwenye unywele, na ukilisuuza kwa maji ya moto linaiva kichwani, jambo linaloeleza ile harufu isiyotoka. Embe mafuta lina mafuta pia, lakini nyama yake hata ikisagwa huacha vipande ambavyo utavitafuta kwa kitana siku mbili nzima. Mayai na embe mafuta nakushauri uvirudishe jikoni.

Mafuta ya nazi yenyewe yabaki, tena kwa heshima zote. Sehemu yake kubwa ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni ndogo na iliyonyooka, hivyo huweza kuingia ndani ya unywele pale ambapo mafuta mengine huishia juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya nywele. Kazi yake kubwa ni kuizuia nywele isivimbe kupita kiasi inapoloa, kwa hiyo mahali pake bora ni kabla ya kuosha. Mafuta hayawezi kuwa badala ya maji: anayepaka mafuta juu ya nywele kavu amefunika ukavu tu.

Kwa maski yenyewe, msingi uwe ni kondishena nzito ya kopo, ile isiyo na rangi kali wala manukato mengi. Najua wengi wanapenda vya asili, nami navipenda, lakini kondishena ina kitu ambacho jikoni hakipo: viambato vyenye chaji chanya, ambavyo huvutwa na chaji hasi za nywele na kushika zaidi pale palipoharibika. Unapoinunua, geuza kopo usome orodha ya viambato, maana huandikwa kuanzia kilicho kingi. Maji yakiwa ya kwanza ni sawa. Mafuta ya mgando au mafuta ya madini yakiwa ya kwanza, hiyo ni grisi, iache dukani. Iache pia ile iliyokaa juani mbele ya duka kwa muda usiojulikana.

Kwa nywele zinazofika mabegani, chukua nusu kikombe cha chai cha kondishena hiyo, tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi na kijiko kimoja cha chai cha asali, ukoroge mpaka visionekane mbalimbali. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka karibu na nyuzi 24, kwa hiyo ukiyakuta na ukungu asubuhi ya kusi, weka chupa ndani ya maji ya moto kwa muda kidogo. Asali usiizidishe. Huvuta maji kutoka hewani, na kwa hewa yetu nywele zitavimba na kunata. Ukitaka shubiri, kata jani, lisimamishe mpaka ule utomvu wa manjano umalizike kutoka kwa sababu unawasha ngozi, kisha tumia ute mweupe wa ndani uliochujwa kwa kitambaa. Changanya cha kutosha siku hiyo tu na kinachobaki ukimwage, kwani mchanganyiko wa nyumbani hauna kihifadhi na huharibika kabla haujaonekana kuharibika.

Kwa kuwa uko Pemba, niseme na hili. Usitie mafuta ya karafuu wala ya makonyo, yaani vikonyo vyake, katika maski. Ni mazao ya kujivunia, na yale yanayokenekwa Wawi ni makali sawasawa na inavyotakiwa kwa kazi zake; lakini kiambato chake kikuu, eujenoli, huunguza ngozi kisipopunguzwa makali kwa vipimo vya kitaalamu. Kichwa kinachowasha tayari hakihitaji moto wa pili.

Sasa upakaji. Saa moja au mbili kabla ya kukosha, pitisha vijiko viwili vya mafuta ya nazi kwenye nywele kavu, zaidi kwenye ncha. Kisha kosha kwa shampuu, ukiisugua kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole na kuliacha povu lenyewe lishuke kwenye nywele, na urudie ikiwa mafuta bado yapo. Maski ikipakwa juu ya uchafu na grisi ya wiki nzima haifiki popote.

Hapa ndipo penye suala la maji ya kisima. Visima vingi vya visiwa hivi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Tazama ndani ya birika lako la chai: ukiona ukoko mweupe, basi chokaa hiyo hiyo inakaa kwenye nywele zako na kuzifanya ngumu. Ukikosha kichwa kwa sabuni ya kipande kwa maji hayo, sabuni na chokaa hushikana na kuwa utando mzito usiosuuzika, ndiyo maana nasisitiza shampuu. Wakati wa masika na vuli kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi, baada ya mvua ya mwanzo kuosha bati, uyatumie kwa suuzo la mwisho. Kipindi kisicho na mvua, kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita moja ya maji kitasaidia kuiondoa ile chokaa na kuyalaza magamba. Ndimu usiitie badala ya siki: ni kali kuliko inavyodhaniwa, na maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani huacha mabaka meusi kwenye paji la uso na shingoni.

Baada ya kukosha, kamua nywele kwa kanga kuukuu iliyolainika, kwa kuzibinya bila kuzisugua. Zisiwe zinachuruzika, kwani maji mengi huiyeyusha maski na kuishusha mgongoni; wala zisiwe zimekauka, kwani haitaenea. Ukiubinya mkono wako juu ya fungu la nywele, kiganja kiloe bila tone kudondoka. Zigawe mafungu manne, au sita zikiwa nyingi, na kila fungu ulibane pembeni. Chukua maski kiasi cha kijiko kimoja, uisambaze kwanza kwenye viganja vyote viwili, kisha uanzie nchani ukipanda juu, ukilipitisha fungu katikati ya viganja kwa kulishindilia kuelekea chini. Simama vidole viwili kabla ya kufika kwenye ngozi. Ncha ndizo kongwe zaidi na ndizo zilizoteseka zaidi, kwa hiyo zipate maradufu. Lifumue kila fungu kwa vidole, halafu kwa chanuo la meno mapana, na ukikutana na fundo lifungue kutokea chini.

Funika kichwa kwa kofia ya kuogea. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huku kwetu, na kofia moja nzuri hukaa miezi mingi. Juu yake zungusha taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, liwe la vuguvugu unaloweza kulistahimili shingoni. Likipoa, lichovye tena. Mashine ya mvuke ya saluni haifanyi zaidi ya hivyo. Acha dakika 20 hadi 30. Baada ya hapo kinachoweza kushika kimeshashika, na kukaa zaidi kunaongeza kuvimba tu. Ukianza baada ya sala ya alasiri, utakuwa umesuuza na kutawadha kwa kichwa safi kabla ya magharibi.

Suuza kwa maji ya baridi mpaka maji yatoke safi lakini nywele zibaki na utelezi mdogo. Usirudie shampuu. Matone machache ya mafuta ya nazi yaliyosuguliwa viganjani na kupitishwa kwenye ncha yatatosha kuzuia maji yasitoke upesi.

Kisha zikauke kabla ya kuzifunika. Hili najua ni gumu kwa mwanamke anayetoka nyumbani na hijabu alfajiri na kuivua jioni, ndiyo sababu nakushauri uhamishe kazi hii kutoka Alkhamisi usiku hadi siku ya mapumziko, upate saa mbili za kukaa kichwa wazi chumbani. Ndani ya ushungi vaa kitambaa cha satini au pamba nyepesi, na usikikaze pembezoni mwa paji la uso, mahali ambapo nywele hung'oka kidogokidogo kwa kuvutwa.

Fanya mara moja kwa wiki kwa mwezi wa mwanzo, kisha uupime unywele wenyewe. Chukua mmoja uliotoka kwenye chanuo, uloweshe, uuvute polepole kwa ncha za vidole. Ukikatika papo hapo bila kurefuka, bado ni mkavu, endelea kila wiki. Ukirefuka kidogo na kurudi, umefika mahali pazuri, na mara moja kwa wiki mbili inatosha. Ukirefuka sana, ukalegea na kukatika bila kurudi, umelainishwa kupita kiasi. Pumzisha maski kwa wiki tatu na utafute kondishena yenye protini iliyovunjwavunjwa, ambayo kwenye kopo huandikwa kwa Kiingereza "hydrolyzed". Kwa nywele zilizokuwa zikilala na tui, nadhani utaanzia kwenye hali hii ya tatu, kwa hiyo upime unywele kabla hata ya kuanza, na ikiwa ndivyo, usianze na maski wiki hii.

Zile ncha zilizokwisha kupasuka hazitashikana kwa maski yoyote. Zikate, hata upana wa kidole kimoja. Dawa ya kunyoosha nayo iahirishe mpaka ukatikaji utulie, na utakapoirudia ipakwe kwenye ule uoto mpya wa shinani peke yake. Ama kuwashwa, kukiendelea zaidi ya wiki mbili baada ya kuacha kulala na mchanganyiko, au ukiona magamba mazito, vidonda au sehemu iliyonyonyoka nywele, onana na daktari hospitalini hapo Wete, na kwa muda huo usipake mafuta ya aina yoyote kwenye ngozi ya kichwa.