Mwakilishi mpya wa wanataaluma kwenye Baraza la Chuo: kazi iko kwenye makabrasha

Ukichaguliwa na wanataaluma wenzako kuingia Baraza la Chuo, yaani chombo kikuu cha uongozi wa chuo kikuu, watu watakuja ofisini kwako kabla hata hujapokea barua ya kikao cha kwanza. Mmoja ana malimbikizo ya posho, mwingine cheo chake kimekwama, wa tatu anataka ukaseme kuhusu maabara isiyo na kemikali. Wasikilize na uandike, ila usiahidi kitu. Kwanza soma nyaraka tatu: Sheria ya Vyuo Vikuu ya Tanzania ya 2005 (Sura ya 346), Hati Idhini ya chuo chako (hati inayokipa chuo mamlaka na muundo wake), na kanuni za uendeshaji wa vikao vya Baraza.

Sheria inatoa mfumo wa jumla. Mambo yanayokuhusu wewe moja kwa moja, yaani nani anachaguliwa na nani, ujumbe unadumu muda gani na akidi ni wangapi, utayakuta kwenye Hati Idhini, na hayafanani chuo kwa chuo. Tafuta humo majibu ya maswali manne. Je, una kura, au unahudhuria tu kama mwalikwa? Muda wako unaisha lini, na uchaguzi unaofuata unaitishwa na nani? Ukiteuliwa kuwa rasi (mkuu) wa ndaki au mkurugenzi, bado unahesabika kuwa mwakilishi wa wanataaluma? Usipoweza kuhudhuria, unaruhusiwa kutuma mtu? Swali la tatu ndilo linalozua ugomvi mkubwa, kwa sababu walimu wanaochaguliwa mara nyingi ndio hao hao wanaoteuliwa baadaye kushika madaraka. Lipatie jibu mapema, kwa maandishi, kutoka kwa Katibu wa Baraza.

Kiti hiki usikichukulie kama haki isiyoguswa. Kenya, Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliweka baraza la watu tisa kwa vyuo vya umma: mwenyekiti, makatibu wakuu wa wizara mbili, watu watano wanaoteuliwa na waziri, na Makamu Mkuu wa Chuo. Hakuna mhadhiri aliyepigiwa kura na wenzake. Scotland ilikwenda njia nyingine kabisa: sheria yake ya 2016 inataka kila chombo kikuu cha chuo kiwe na wajumbe wawili waliochaguliwa na wafanyakazi, na wengine wawili waliopendekezwa na vyama vya wafanyakazi. Kiti kinachotumika vizuri huwa na watetezi pale sheria inapofanyiwa marekebisho.

Kisha jifunze mipaka. Mitaala, mitihani na tuzo ni mambo ya Seneti, chombo cha chuo kinachosimamia taaluma. Baraza linashughulika na fedha, ajira, mali na sera. Mishahara katika chuo cha umma haipangwi na Baraza peke yake, na nafasi mpya za ajira zinahitaji kibali cha serikali. Kwa hiyo mjumbe anayetumia dakika zake kudai nyongeza ya mshahara amezipoteza. Majadiliano ya masilahi yana chama cha wafanyakazi, kama THTU au RAAWU. Jumuiya ya wanataaluma, kama UDASA pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina kazi yake. Na wewe una yako. Ukiwa ndani ya Baraza wewe ni mjumbe kamili, unawajibika kwa chuo kizima, pamoja na mpishi na mwanafunzi. Unachobeba kutoka kwa wanataaluma ni ujuzi wa jinsi darasa, maabara na utafiti vinavyokwenda kwa kweli. Wajumbe wengi wa nje hawana ujuzi huo, nao huusikiliza ukiletwa kwa takwimu.

Makabrasha sasa, yaani nyaraka unazotumiwa kabla ya kikao. Siku saba ni kiasi cha chini kabisa cha kusoma kurasa 300 kwa makini. Yakifika siku mbili kabla ya kikao, mwandikie Katibu siku hiyo hiyo, kwa heshima, ili barua ibaki kwenye jalada. Kikaoni, kama kuna waraka mzito ambao hukupata muda wa kuusoma, omba uahirishwe. Ombi hilo lina nguvu zaidi ukitaja waraka mmoja kuliko ukilalamikia mkoba mzima.

Usianze kusoma kila waraka kutoka ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho, kwenye sentensi inayoanza "Baraza linaombwa". Hapo ndipo utajua kama unaletewa jambo kwa taarifa, kwa majadiliano au kwa uamuzi. Ndipo urudi juu: waraka umepitia kamati ipi, tarehe gani, na kamati ilisema nini hasa? Mara nyingine kamati imeidhinisha kwa masharti, lakini waraka unaoletwa Barazani umeyaacha masharti. Linganisha na kumbukumbu za kamati. Hakikisha viambatisho vyote vipo na kwamba kiasi cha fedha kilichotajwa ndani ya waraka ni kile kile kilichoko kwenye kiambatisho. Sehemu ya athari za kifedha ikisema "hakuna" kwenye jambo linalohitaji watu, vyumba au magari, hapo pana swali la kuuliza.

Mfano ambao mwakilishi wa wanataaluma anaweza kuuona haraka kuliko mjumbe mwingine yeyote ni programu mpya ya shahada. Mtaala wenyewe umepita Seneti; Barazani inakuja gharama. Waraka huonyesha walimu wanaohitajika mwaka wa kwanza: kozi tano kwa muhula, walimu wawili wanatosha. Lakini programu ya miaka mitatu, ikifika mwaka wa tatu, ina madarasa matatu kwa wakati mmoja, yaani kozi 15 katika muhula huo huo. Kwa kozi tatu kwa mwalimu, ni walimu watano, na hiyo ni kama hakuna aliye masomoni wala likizo ya uzazi. Kwa kozi mbili kwa mwalimu, ni wanane. Uliza: hao wengine wanatoka wapi, na kibali chao kimeombwa lini? Ukikosekana mpango, mzigo unawaangukia wahadhiri wasaidizi, nao ndio wanaochelewa kumaliza uzamivu.

Kwenye fedha, usiogope majedwali. Mwaka wa fedha wa chuo cha umma unaanza 1 Julai, lakini wanafunzi hufika Oktoba au Novemba, na fedha za Bodi ya Mikopo huingia kwa mafungu. Kwa hiyo taarifa ya robo ya kwanza huonyesha mapato ya ndani kidogo, na hilo peke yake si hatari. Tuseme bajeti ya mapato ya ndani ni shilingi bilioni 20, na hadi mwisho wa Machi zimekusanywa bilioni 13. Mtu atasema miezi tisa imepita, zilipaswa kuwa 15, tuko nyuma. Hesabu hiyo inadhani fedha zinaingia sawasawa kila mwezi, jambo ambalo halitokei. Omba safu moja zaidi: zilikusanywa ngapi kipindi kama hicho mwaka uliopita? Tofauti hiyo ndiyo inayosema kitu. Tazama pia madeni ya watoa huduma na malimbikizo ya wafanyakazi yamekua au yamepungua tangu robo iliyopita. Chuo kinaweza kuonyesha matumizi madogo kwa sababu tu hakijalipa.

Hesabu za mwaka hufungwa 30 Juni, na zinapaswa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kabla ya mwisho wa Septemba. Mjumbe mpya anafaidika sana akisoma hoja za ukaguzi za miaka mitatu kwa mpigo na kutia alama kila hoja inayojirudia. Inayojirudia mwaka wa tatu haijakosa maelezo. Imekosa mtu aliyepewa jukumu na tarehe.

Kamati ndizo zinazoamua mambo mengi, maana kilichopita vizuri kwenye kamati mara chache hurudishwa na Baraza. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba Kamati ya Fedha na Mipango. Wengi hukimbilia ya rasilimali watu kwa sababu malalamiko ya wenzao yako huko, lakini huko pia ndiko utakakolazimika kutoka chumbani mara kwa mara kwa mgongano wa masilahi: rufaa ya nidhamu ya mtu wa idara yako, cheo cha mtu unayeandika naye makala. Tamka mgongano kabla ajenda haijaanza kujadiliwa, na hakikisha kumbukumbu zimeandika kwamba ulitoka.

Hoja yako ya kikaoni isizidi dakika mbili: ukurasa gani, tatizo ni lipi, unapendekeza maneno gani yaingie kwenye uamuzi. Mpigie mwenyekiti wa kamati husika siku moja kabla umweleze utakachouliza. Watu wakishtukizwa mbele ya wageni hujitetea badala ya kujibu. Mabaraza mengi huamua kwa maafikiano bila kupiga kura. Usipoafiki, sema pale pale: "Naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba sikuafiki, kwa sababu hii." Kuandika barua wiki mbili baadaye hakusaidii. Rasimu ya kumbukumbu ikija, isome siku hiyo hiyo na upeleke masahihisho kwa namba ya aya. Kwenye yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa mambo ya kikao kilichopita, jibu la "utekelezaji unaendelea" likionekana vikao viwili mfululizo, omba tarehe ya kukamilika iandikwe.

Kuripoti kwa wenzako kunataka uangalifu. Kubaliana na Katibu tangu mwanzo nini kinaweza kutoka na lini. Uamuzi uliothibitishwa na sababu zake unaweza kuzisema kwenye mkutano wa jumuiya. Nani alisema nini, majina kwenye kesi za nidhamu na zabuni ambayo haijatangazwa, usiyaguse, hata kwenye kundi la WhatsApp la watu watano. Taarifa ikivuja mara moja, makabrasha yako yataanza kuja mepesi na mazungumzo ya kweli yatahamia mahali usipokuwepo.

Anza jalada la makabidhiano mwezi wa kwanza, si wa mwisho: nakala ya Hati Idhini yenye alama zako, kalenda ya vikao, orodha ya maamuzi yanayosubiri utekelezaji na tarehe zake, na hoja za ukaguzi zinazojirudia. Makabrasha ya siri yarudishe kwa Katibu na upate sahihi yake. Mrithi wako atapewa ya kwake.