Maombi, Neno na kufunga ukiwa na ratiba iliyojaa: mambo yaliyonisaidia

Kuna kilio nakisikia sana kwa watu waliookoka na wanaompenda Mungu kwa dhati kabisa, wanasema natamani kuomba, natamani kusoma Neno, lakini siku inaisha sijafanya chochote. Mimi naamini hamu wanayo, shida ni kwamba ibada haijapewa nafasi yake kwenye siku, inasubiri muda ubaki, na muda haubakigi jamani.

Mtazame Danieli. Huyu alikuwa mmoja wa wakuu watatu waliowekwa juu ya maliwali (magavana) 120 kwenye ufalme wa Dario, yaani ni mtu wa majukumu, wa mafaili na vikao, na bado Danieli 6:10 inasema alipiga magoti mara tatu kila siku kama alivyokuwa akifanya tokea hapo. Hayo maneno ya mwisho nayapenda mno. Amri ya mfalme ya kukataza watu kuomba kwa yeyote ila yeye imetoka, tundu la simba linamsubiri, na yeye anafanya kile kile cha jana na juzi. Ile nguvu hakuitafuta siku ya hatari, ilikuwa imejengwa kwenye siku za kawaida ambazo hazikuwa na tukio lolote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, usitafute muda mpya, funganisha maombi na kitu ambacho tayari unakifanya kila siku. Mimi asubuhi nikishaamka naosha uso nafungua Biblia kabla sijagusa simu, na simu yenyewe inalala chumba kingine, nimenunua saa ya kawaida ya kuniamsha. Naona watu wanaichukulia poa hii ya simu lakini ndo kubwa kuliko zote, maana ukishaona meseji tatu tu za kazini akili imeshaondoka, utapiga magoti ila moyo uko kwenye ile meseji.

La pili ni mpangilio, Neno kwanza halafu maombi. George Müller, yule aliyelea yatima kule Bristol Uingereza, aliandika mwaka 1841 kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiamka anaanza moja kwa moja na kuomba, na mara nyingi akili ilikuwa inatangatanga muda mrefu ndo aanze kuomba kweli. Akageuza, akaanza kusoma na kutafakari Maandiko kwanza, maombi yakawa yanatokea hapo hapo kwenye alichosoma. Mimi nilipoanza kufanya hivi maombi yangu yalibadilika kabisa, zile dakika za kutafuta niseme nini zikaisha.

Hebu tufanye pamoja. Chukua Zaburi 23, mstari wa kwanza tu, "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Soma taratibu, kwa sauti kama unaweza. Simama kwenye neno "wangu", mshukuru kwamba ni wako, wewe binafsi, na unaweza kumwita hivyo. Halafu "sitapungukiwa", hapo mtajie kile unachoogopa kupungukiwa wiki hii, kitaje kwa jina, ada, afya, ndoa, chochote kile, na umwambie namkabidhi mchungaji. Ukimaliza hapo umeshaomba maombi ya kweli na hujafika hata mstari wa pili. Kama una dakika kumi zinatosha, kama una saa nzima endelea mbele. Na huo mstari uondoke nao, uurudie kwenye foleni, ukiosha vyombo, ukipanda ngazi, ndo Zaburi 119:11 hiyo, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi."

Kufunga nako watu wanakuogopa bure. Anza na mlo mmoja, ule wa mchana, siku moja kwa wiki, ila ile saa ya kula itumie kuomba, vinginevyo umeshinda njaa tu. Na usome Isaya 58, Mungu anasema wazi saumu anayoitaka ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, kwa hiyo mimi kile ambacho ningekula natafuta mtu wa kumpa, siku hiyo hiyo, siweki akiba. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha au anayemeza dawa na chakula aongee na daktari kwanza, anaweza kufunga vitu vingine kama mitandao, na Mungu anapokea.

Ukimya sasa, hapa tuko wavivu sana. Kwenye Marko 1 jioni mji wote ulijaa mlangoni, Yesu akaponya wengi, kesho yake alfajiri na mapema sana akatoka akaenda peke yake kuomba. Simoni akamfuata na habari kwamba watu wote wanakutafuta, na Yesu akajibu twendeni vijiji vingine! Ametoka kwenye maombi anajua la kufanya, presha ya watu haikumpangia ratiba. Ukiwa na uamuzi mzito jaribu kukaa na Mungu kimya kidogo, bila muziki, bila kuongea, kabla hujampigia mtu yeyote simu.

Na siku ukikosa, maana utakosa tu, mtoto ataumwa, utarudi usiku umechoka, usianze kulipa deni la sura saba za nyuma. Fungua sura ya leo endelea. Mpango wa kusoma Biblia unakufa pale mtu anapoona ameachwa nyuma sana akakata tamaa, wakati Mungu wala hakuwa anahesabu sura. Mtafute na mtu mmoja unayemwamini, wa kanisani au hata mwenza wako, awe anakuuliza kila wiki umesoma nini na Mungu amesema nini na wewe, na wewe umuulize vile vile.