Barua kwa mwanangu: jinsi baba yako alivyonioa

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Sisi hapa Tanga hatujambo. Baba yako magoti yanamsumbua mvua ikikaribia, lakini usimwambie kuwa nimekwambia. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza peke yangu, kisha nikamwekea na yeye, akacheka hadi akakohoa. Unasema kamati inakaa kila Jumapili, bajeti imefika milioni kumi na nane, na waliotoa ahadi wengine sasa hawapokei simu. Halafu ukauliza: "Mama, nyie mlioanaje bila kamati wala mchango? Na ulijuaje kwamba baba ndiye?"

Kwenye simu siwezi kuyasema haya yote, sauti inakatika na maneno yananipotea. Nimeazima daftari la mjukuu, nakuandikia.

Kwanza, baba, mchango ulikuwepo, tena mkubwa kuliko huo wako. Ila haukuwa wa pesa, na hukumbuki kwa sababu hukuwepo.

Wewe miaka ile unaisoma vitabuni. Vita vya Kagera viliisha 1979, Mwalimu akatuambia tufunge mikanda miezi 18. Ikapita hiyo 18, ikaja mingine, mikanda bado tumefunga. Siku hizo kitu hukinunui kwa kuwa unazo, unakinunua kwa kuwa kimekuja. Ukisikia "sabuni imekuja", unaacha ugali jikoni unakimbia. Usiku wa manane watu wanakwenda kupanga mawe, matofali na makopo mbele ya duka la ugawaji, kisha wanarudi kulala. Jiwe linakusimamia kwenye foleni mpaka kuche. Shida ni kwamba jiwe halina mdomo. Asubuhi unakuta lako limesogezwa nyuma, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mwaka 1981 asubuhi moja pale Ngamiani wanawake wawili wameshikana khanga kwa ajili ya tofali. Akatokea kijana mwembamba, shati limefuliwa mpaka rangi imekimbia, akatoa chaki mfukoni. Hakusema na mtu. Akaanza kuandika namba juu ya kila jiwe, moja, mbili, tatu, kwa mwandiko wa ubaoni. Foleni nzima ikanyamaza inamtazama. Alikuwa mwalimu kutoka upande wa Muheza, amekuja kwa shangazi yake mwisho wa mwezi, na shangazi amemtuma sabuni. Jiwe langu lilipata namba, na lake likaangukia nyuma ya langu. Mpaka leo anaapa ilikuwa bahati tu.

Sabuni iliisha kabla hatujafika mlangoni. Tukarudi mikono mitupu, yeye akitembea upande wa pili wa barabara, kwa adabu, hadi kona ya kwetu. Huko ndiko kutongozana kwetu, mwanangu. Hatukuwahi kwenda sinema ya Majestic pamoja kabla ya ndoa, wala kukaa Raskazone tukila mihogo. Tulionana Idd pale Tangamano, mimi na kundi la binamu zangu, yeye na wenzake, na tukasalimiana kama watu wa benki.

Barua ndizo zilizofanya kazi. Alikuwa anamtumia binamu yangu mdogo, karatasi imekunjwa ndani ya daftari la hesabu. Nami nikajibu. Barua yangu ya kwanza aliirudisha pamoja na jibu lake, amesahihisha kwa wino mwekundu, na chini ameandika "Vizuri, ongeza bidii." Nilikasirika wiki nzima. Muulize, ataikana, lakini ninayo.

Posa ikaja mwaka uliofuata. Mjomba wake alitoka Handeni, akafuatana na mwalimu mkuu wake kama mshenga. Barua imefungwa ndani ya leso nyeupe na noti ya shilingi ishirini. Babu yako aliipokea, akawapa chai, akasema majibu yatakuja. Wakishaondoka, akamgeukia bibi yako: "Huyu ni mwalimu wa UPE. Amemaliza la saba, anafundisha la saba. Binti yangu atakula nini?" Walimu wa UPE ndio wale vijana waliochukuliwa baada ya darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wanafundisha, maana serikali ilitaka kila mtoto aingie shule na walimu hawakutosha. Watu walikuwa wanawacheka. Siku hizi mnawacheka walimu kwa mengine.

Sasa hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Mimi sikujua kwamba ndiye. Nilimpenda, ndiyo, lakini kupenda si kujua. Aliyekwenda kujua ni mjomba wangu. Alipanda basi mpaka Handeni, akajifanya mnunuzi wa asali, akakaa huko siku kadhaa anauliza: ukoo huu una deni na nani, una maradhi gani, kijana huyu mshahara wake akiupata anapeleka wapi, mama yake anamsemesha vipi. Akarudi na kibuyu cha asali na habari. Alisema: "Mambo ya pesa hana. Lakini mama yake akiwa mgonjwa, yeye ndiye aliyekuwa anamtekea maji, tena mchana, mbele ya vijana wenzake." Babu yako akanyamaza kidogo, akasema haya, waje waseme mahari.

Mahari ilikuwa shilingi elfu moja, mia tano taslimu na mia tano deni. Mbali na hiyo, mkaja wa bibi yako na kilemba cha babu yako. Ile mia tano ya deni baba yako alinilipa 1995, kwa fahari, mbele ya wageni, wakati hainunui hata doti moja ya khanga. Nilimpigia vigelegele, kisha nikamwomba nauli.

Tulipanga harusi iwe 1983. Bibi yako akaanza kuweka akiba, nusu kilo ya sukari hapa, nusu kilo pale, ndani ya debe chini ya kitanda. Na kila khanga ikija mjini anatafuta doti moja, anaweka sandukuni. Halafu mwezi wa tatu mwaka huo ukaanza msako wa wahujumu uchumi, yaani watu waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu, na redio kila jioni inataja waliokamatwa na vitu vilivyokutwa majumbani mwao. Watu wakaingiwa na hofu. Usiku unasikia vishindo, asubuhi unaambiwa fulani amemwaga vitu baharini, fulani amevitupa chooni. Bibi yako na debe lake la sukari hakulala siku mbili. Hakuwa mfanyabiashara, lakini nani angemsikiliza? Debe ni debe.

Alichofanya ndicho ninachotaka ukijue. Usiku alipita nyumba hadi nyumba mtaani kwetu, kila nyumba akaacha kilo moja ya sukari, na nyingine akaacha na khanga. Hakuandika popote. Alisema tu, "Niwekee ya harusi ya mwanangu." Wengine hata hatukuwa tunasikilizana nao vizuri, mmoja walishawahi kugombana naye juu ya uchochoro.

Harusi ikasogea mpaka Novemba. Siku mbili kabla, milango ikaanza kugongwa. Kilo moja, kilo moja, na khanga zikiwa zimekunjwa vilevile. Mama mmoja alileta robo tatu, akasema mtoto aliugua akampikia uji, akaongeza na mayai. Yule wa uchochoroni alileta kilo mbili. Bibi yako alikaa juu ya kinu akalia, sisi tukidhani kuna msiba.

Mchele ulitoka Mombo. Nafaka wakati ule huwezi kuisafirisha utakavyo, kuna mageti barabarani, ukionekana na gunia unaulizwa kibali. Basi shangazi zangu walikwenda kwa makundi, kila mmoja akarudi na kikapu chake cha mchele wa kula nyumbani. Mbuzi wakaja kutoka Handeni juu ya lori. Nazi tunazo. Kuni zililetwa na wanafunzi wa baba yako, na mimi hilo sikulipenda, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nilivaa kisutu, ile khanga ya bibi harusi, cha bibi yangu, kwa sababu kipya hakikupatikana. Hina ilichumwa uani, asmini na mrihani zikatoka kwa majirani, na somo yangu alinisugua singo mpaka nikawa naona aibu kujitazama. Karabai tuliazima madrasa. Mpiga picha alikuja na filamu iliyobakia picha chache tu, ndiyo maana mimi na baba yako tuna picha moja, na ndani yake yeye amefumba macho.

Nikaha ilifungwa msikitini baada ya Alasiri. Kwenye fomu ya serikali kuna mahali pa kuandika kama ndoa ni ya mke mmoja au ya wake wengi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ijulikane. Shekhe akamuuliza aandike nini. Baba yako akajibu, "Shekhe, na wewe mshahara wangu unaujua." Msikiti ulicheka. Mimi nilisimuliwa nikiwa ndani, nimefunikwa, na nilicheka mpaka somo akanifinya.

Fungate siku saba, kisha nikapelekwa kwangu: kijiji chini ya milima ya Amani, nyumba ya mwalimu ya udongo, kitanda cha kamba, sufuria mbili, mbuzi ya kukunia nazi na kinu. Hapo wewe unapoona "maisha rahisi", mimi naona ndoo. Maji yalikuwa bondeni. Nimezaliwa Ngamiani kwenye bomba, sijui kubeba ndoo kichwani mlimani, na watoto wa shule wananitazama. Sabuni hamna, tunafulia majani ya mpapai. Chai kwa sukari guru, ikipatikana. Mwaka 1984 tulikula ule unga wa njano wa msaada, watu wanauita Yanga, na baba yako ambaye ni Simba hasa alikuwa anasema anakula adui. Betri za redio tunaanika juani zipate nguvu. Ndivyo tulivyosikia tarehe 12 Aprili kwamba Sokoine amefariki kwa ajali ya gari kule Dakawa. Kijiji kizima kilikuja kukaa uwanjani kwetu. Wengi walikuwa wanalia, hata bibi yako kule mjini, pamoja na hofu yote ya lile debe.

Tuligombana sana mwaka ule. Mshahara ukija, kabla hata sijauona, umeshakwenda Handeni kwa wadogo zake. Sikukataa wasaidiwe. Nilichokataa ni kusikia habari zake kutoka kwa mwalimu mwingine. Nikafunga khanga zangu nikarudi Ngamiani, mimba ya dada yako ina miezi mitano. Alinifuata kwa baiskeli, Muheza mpaka Tanga, akafika amejaa vumbi. Hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja kwa babu yako, akakaa chini kwenye mkeka. Babu yako akatuita wote wawili, akatusikiliza mpaka tukaishiwa, kisha akamwambia: "Wewe si mwalimu wa hesabu? Mfundishe mkeo hesabu za nyumba yako."

Tukarudi. Mwisho wa mwezi akaweka mshahara wote juu ya meza, akafungua daftari la shule, akachora mstari katikati. Upande huu Handeni, upande huu nyumbani. Nikashika penseli mimi. Tangu hapo daftari limekuwa langu, na wadogo zake wote walisoma. Huyo baba yako mdogo anayekutumia mahindi alisomeshwa kwa penseli yangu, na anajua.

Kwa hiyo, mwanangu, kamati siikatai. Miji imekuwa mikubwa, jirani humjui, utamwachia nani kilo ya sukari? Lakini hao wasiopokea simu waache. Mtu anayeahidi laki mbili kikaoni kwa sababu mwenzake kaahidi laki mbili hajakuchangia wewe. Punguza ukumbi, punguza hizo kadi za watu wawili wawili, na huyo mshereheshaji wa milioni moja sijui atasema nini cha milioni moja. Na mjomba wako yuko tayari kwenda kwa kina binti. Usicheke. Wenzako mnapekua picha za mtu kwenye simu mnasema mmemjua. Mwache aende, hatajifanya mnunuzi wa asali safari hii.

Mchango wetu mimi na baba yako ni mbuzi watatu, wako Handeni kwa baba yako mdogo. Tuma nauli ya lori mapema, kabla ya mvua za masika, njia ikiharibika watakonda. Mchele nitanunua mimi, mniambie tu watu wangapi, idadi ya kweli, si ile ya kamati. Mkwe mwambie aje Jumamosi ijayo, nataka nimpime kisutu.

Wasalimie wote.

Mama yako