Wasomaji Wanauliza: Ruzuku za Msaada wa Kisheria

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha wasaidizi wa kisheria katika kata moja ya Wilaya ya Kilosa. Tunahudumia bila malipo wananchi wenye migogoro ya mashamba, mirathi na matunzo ya watoto. Tumepeleka maandiko ya mradi kwa wafadhili wawili, nayo yamekataliwa bila maelezo. Je, tutafute mtaalamu wa kutuandikia?
Katibu wa kikundi, Kilosa

JIBU: Ndugu Katibu, fedha ya kumlipa mwandishi itunzeni kwanza. Andiko lililopambwa halifui dafu siku mfadhili anapofika ofisini kwenu na kuomba madaftari.

Anzeni na rejista ya mashauri. Kila anayehudumiwa aandikiwe tarehe, jinsia, umri, kijiji, aina ya shauri, hatua iliyochukuliwa na matokeo. Tuseme mjane amefika akilalamika kwamba jirani amesogeza mpaka wa shamba: rejista isiishie kwenye neno "alishauriwa", bali ionyeshe kwamba alielekezwa kwenye baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 hupatanisha tu katika migogoro ya ardhi wala halitoi hukumu, na kwamba upatanishi uliposhindikana alisaidiwa kupeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkiwa na kumbukumbu za namna hiyo kwa mwaka mzima, sehemu ya andiko inayoeleza tatizo mtaiandika wenyewe, tena kwa takwimu ambazo mtaalamu wa kukodi hana. Majina ya wateja yabaki kabatini. Mfadhili anahitaji idadi na mwenendo wa mashauri, si siri za watu.

Upande wa fedha, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na kila malipo yawe na hati, stakabadhi na muhtasari wa kikao kilichoyaidhinisha. Fedha inayokaa kwenye simu ya mhazini, hata awe mwaminifu namna gani, haikaguliki.

Hakikisheni pia usajili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawataka watoa huduma hii wasajiliwe kwa mujibu wake, hivyo cheti cha kikundi kutoka halmashauri pekee hakitoshi. Hayo yakikamilika, fuatilieni matangazo ya ruzuku ya Legal Services Facility, iliyoanzishwa mwaka 2011 na ambayo imekuwa ikifadhili mashirika ya wasaidizi wa kisheria Bara na Zanzibar, pamoja na ya Foundation for Civil Society. Ombeni kiasi mnachoweza kukisimamia. Na wale wawili waliowakataa, waandikieni kwa adabu mkiuliza sababu. Baadhi ya wafadhili hujibu.

SWALI: Shirika moja kubwa la Dar es Salaam linataka tuombe ruzuku pamoja. Tunahofia kutumiwa.
Mwenyekiti, Lindi

JIBU: Hofu yenu ina msingi, ingawa ubia wa aina hii ndio njia ambayo vikundi vingi vidogo hujijengea historia ya kusimamia ruzuku. Kabla maombi hayajatumwa, wekeni saini makubaliano yanayotaja mgawo wenu, zikiwemo gharama za uendeshaji kama kodi ya ofisi na nauli za wasaidizi, tarehe za kupokea fedha, na nani atamiliki takwimu zitakazokusanywa. Ombeni kuiona bajeti nzima. Wakiificha, jina lenu lisiingie kwenye andiko hilo.